Mtungi Mtupu Ndio Kipimo

Aprili 1909 meli ya mbao iitwayo Eber Ward ilikuwa ikivuka mlango wa Mackinac, pale Ziwa Michigan linapokutana na Ziwa Huron, ikiwa na shehena ya mahindi. Ikagonga barafu ambayo ilikuwa bado haijayeyuka, ikapasuka, ikazama, wakafa watu watano. Ingali pale chini, imekaa wima kwenye kina cha mita 43 hivi, na kila kiangazi wazamiaji huifuata.

Maziwa Makuu hayo ya Marekani Kaskazini si kama haya yetu. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na hata ukishuka mpaka sakafuni hutakuta maji ya chini ya nyuzi 23. Kule Ziwa Superior, ukishapita tabaka la juu lililopashwa na jua la Agosti, unaingia kwenye maji ya nyuzi 4, na huko chini ndivyo yalivyo takriban mwaka mzima. Maji yasiyo na chumvi huwa mazito kupita yote yakifika nyuzi 4, kwa hiyo hayo ndiyo yanayotuama chini. Mzamiaji aliyejifunzia Watamu au Nungwi, mtungi mmoja wa alumini mgongoni, suti nyembamba mwilini na kilo chache za risasi kiunoni, akipelekwa Mackinac itabidi ajifunze upya kuvaa. Na katika vyote atakavyovaa, mitungi ndiyo itakayoamua vingine vikae vipi.

Wanunuzi wengi huanza na swali moja: upi unabeba hewa nyingi? Si swali baya, ila limekuja mapema mno. Kabla yake kuna jingine: mtungi huu ukikaribia kuisha, dakika za mwisho kabisa, mita 6 chini ya maji, utanifanya nini?

Nieleze kwa nini dakika hizo. Anayezamia mita 18 kutazama samaki anaweza, mambo yakiharibika, kupanda taratibu moja kwa moja hadi juu. Anayekaa nusu saa kwenye mita 43 hana ruhusa hiyo. Nitrojeni aliyoivuta chini kwa presha kubwa imeingia kwenye damu na misuli, na akiibuka ghafla itatoka kama mapovu ndani ya mwili wake, jambo linaloweza kumpoozesha au kumuua. Lazima asimame njiani: mita 21 kidogo, mita 12, mita 9, halafu mita 6 kwa muda mrefu kuliko kwingine. Huu ndio uzamiaji wa kiufundi ukiuondolea madoido yake: kuna dari juu ya kichwa chako, haionekani, na huwezi kuipita kabla ya saa yake. Akiwa mita 6 anapaswa kutulia palepale, asishuke wala asipande, hali vidole vimekufa ganzi na mitungi imebaki na robo yake. Akiwa mwepesi kupita kiasi, maji yatamsukuma juu atake asitake.

Naye atakuwa mwepesi kuliko alivyoanza, kwa kuwa hewa ina uzito. Lita moja ya hewa ya kawaida ni kama gramu 1.2. Inaonekana si kitu, lakini jozi ya mitungi ya lita 12, ikijazwa hadi baa 232, hubeba zaidi ya lita 5,000, yaani kilo 6 na ushee za hewa tupu. Kadiri anavyoivuta na kuipuliza majini, ndivyo mzigo wake unavyopungua. Basi risasi atakayofunga pwani haikadiriwi kwa mitungi iliyojaa, bali kwa mitungi itakayokuwa imekwisha. Maana yake ni kwamba anaanza safari akiwa amezidi uzito kwa makusudi, na boya la mgongoni ndilo linalombeba hadi hewa ipungue.

Hapa ndipo chuma na alumini vinapoachana. Chukua mtungi wa alumini ambao Wamarekani huuita 80, ulioenea duniani kote: ndani yake una lita 11, na mizani inasema kilo 14. Chukua wa chuma wa lita 12: nao ni kilo 14 hivi. Ukiinyanyua hutaona tofauti. Itie majini mitupu, ndipo utaona. Alumini ni dhaifu kuliko chuma, kwa hiyo ukuta wa mtungi wake ni mnene, na unene huo unachukua nafasi. Mtungi mzima husukuma lita 16 na zaidi za maji ilhali uzito wake ni kilo 14, kwa hiyo unaelea, ukivuta juu kwa nguvu ya kilo 2. Ule wa chuma husukuma lita 13 na kitu, basi hauelei wala hauzami. Kwa jozi, tofauti ni kilo 4 hadi 5, na kilo hizo lazima zirudishwe kwa risasi.

Kwenye maji ya joto risasi hiyo haimsumbui mtu sana, na wazamiaji wa mapangoni na baharini wanaovaa suti ya mpira inayolowa wana sababu nzuri ya kubaki na alumini. Suti ile imejaa viputo vya gesi. Ikifika chini presha huviminya, suti inapoteza nguvu yake ya kuelea, na mwenye mitungi mizito ya chuma anajikuta anavutwa sakafuni kwa vitu viwili kwa pamoja. Boya likipasuka hana kitu cha kumwinua. Kanuni ya zamani kwamba chuma na suti ya kulowa visikutane katika uzamiaji wa kina inatokana na hapo, na sioni sababu ya kuibishia.

Baridi hugeuza hesabu yote. Nyuzi 4 hazivumiliki kwa suti ya kulowa kwa saa moja na nusu. Zinataka suti kavu, ile isiyopitisha maji, na chini yake nguo nene za kuhifadhi joto. Kinachohifadhi joto si kitambaa, ni hewa iliyonaswa ndani ya nyuzi zake, na hewa hiyo inaelea. Mzamiaji wa kaskazini aliyevaa vizuri anaweza kuhitaji kilo 10 na zaidi za risasi kabla hujamtaja mtungi. Mwongezee alumini na unambebesha tano nyingine, zikining'inia kiunoni au zikiwa zimefungwa katikati ya mitungi. Mpe chuma, na sehemu ya mzigo ambao angeubeba bure inakuwa mtungi wenyewe. Suti kavu nayo ina faida ya pili: inapulizwa hewa kwa bomba lake, kwa hiyo boya likifa, suti inaweza kumwinua kwa dharura. Kwa maji ya baridi jibu langu ni chuma, na sijaona hoja ya kunirudisha nyuma.

Lakini kwa nini miwili? Mtungi mmoja mkubwa usingetosha?

Kwa hewa pengine ungetosha. Kwa barafu, hapana. Regyuleta, kifaa kinachoshusha presha ya mtungi hadi ile inayovutika kinywani, hufanya kazi yake kwa hatua mbili, na hatua ya kwanza huishusha kutoka baa 200 na zaidi hadi kama 10 juu ya presha ya maji yaliyokizunguka. Gesi inayopanuka ghafla namna hiyo hupoa vikali, chini kabisa ya sifuri. Baharini Pemba maji ya nyuzi 27 yanakipasha kifaa bila mwenyewe kujua. Kwenye nyuzi 4 maji hayana joto la kugawa. Barafu inaota juu ya chuma, unyevu wa pumzi nao unaganda kwenye kipande cha kinywani, na sehemu inayopaswa kujifunga inabaki wazi. Hewa inamwagika yenyewe kwa kishindo, mapovu yanamfunika mtu uso, na kadiri inavyomwagika ndivyo kifaa kinavyozidi kupoa. Viwango vya Ulaya vya EN 250 huhesabu maji yaliyo chini ya nyuzi 10 kuwa ya baridi, na regyuleta ya kutumiwa humo hupimwa kwenye maji ya nyuzi 4. Kupimwa huko ni kuzuri, ila hakuizuii barafu siku mtu anapohema kwa pupa akiwa mita 43.

Dawa ni moja: funga vali ya upande ule, uvute kwa regyuleta ya pili. Hapo ndipo uunganishaji wa mitungi unapokuwa na maana. Zamani mitungi miwili iliunganishwa kwa bomba, yaani manifoldi, lenye tundu moja tu la kutolea. Regyuleta ikiharibika, yote miwili imeharibika. Mabadiliko yanahusishwa na George Benjamin, mkazi wa Toronto aliyechunguza na kupiga picha mashimo ya buluu ya kisiwa cha Andros huko Bahamas. Manifoldi iliyopewa jina lake ina matundu mawili, kila moja na vali yake, na mitungi yote inaendelea kuwasiliana hata tundu moja likifungwa. Baadaye ikaongezwa vali ya tatu katikati, ya kutenganisha: kama kinachovuja ni manifoldi yenyewe au shingo ya mtungi, unaikata jozi katikati na kuokoa nusu. Ukiondoa hiyo ya tatu, barafu inabaki na dawa yake. Ukiwa na mtungi mmoja wenye tundu moja, dawa ya barafu ni kufunga hewa yako yote.

Sasa kuna jambo ambalo makabrasha ya watengenezaji hayaligusi. Dawa hiyo inafaa kama mkono unaifikia. Vali ziko nyuma ya kisogo. Mtu aliyevaa fulana anazigusa bila taabu. Mtu aliyevaa nguo nene za joto, suti kavu juu yake, na glavu mbili zilizofanya vidole vyake kuwa vinene, huenda asifike, na akifika asihisi anageuza nini. Kwa hiyo urefu wa mtungi na namna unavyokaa mgongoni ni sehemu ya usalama. Mtungi mrefu ukifungwa chini ili usigonge kichwa, vali zinakimbia mkono. Ukipandishwa, kisogo kinagonga manifoldi kila unapoinua uso. Mtu mfupi kiwiliwili hufaidika na mitungi mifupi minene, ile yenye kipenyo cha milimita 203. Mrefu hustareheka na myembamba ya milimita 171, ambayo pia hulala karibu zaidi na mgongo. Ndiyo maana sishauri mtu anunue jozi kabla ya kuijaribu akiwa amevaa kila kitu, glavu zikiwemo, na kuzifunga na kuzifungua vali zote tatu akiwa amelala kifudifudi majini. Na ajue upande wa kushoto una tabia yake: ndani ya meli iliyozama, kitasa cha vali kikijisugua darini wakati mtu anasonga mbele, hujifunga chenyewe kidogo kidogo.

Turudi Eber Ward na kalamu. Mzamiaji mtulivu huvuta lita 20 kwa dakika akiwa juu; baridi na kazi huongeza. Kwenye mita 43 presha ni mara 5.3 ya ile ya juu, kwa hiyo anakula lita 106 kwa dakika. Dakika 25 chini zinataka lita 2,650. Hiyo ni hewa ya shughuli. Ya uhai ni nyingine: ikitokea mwenzake ameishiwa kabisa, wawili hao wapande kwa mitungi ya mmoja hadi mita 21, ambako kila mmoja anabadili na kuvuta mchanganyiko wenye oksijeni asilimia 50 kutoka mtungi mdogo wa ubavuni. Watu walioshtuka wanavuta kwa pupa, tuseme lita 30 kila mmoja. Dakika 2 za kutatua tatizo chini, kisha kama dakika 2 na nusu za kupanda: jumla yake ni karibu lita 1,270. Ongeza na za shughuli, unafika 3,900 hivi, kabla ya kuhesabu za kushukia.

Tazama sasa jozi zilizopo. Mitungi miwili ya lita 8.5, midogo mizuri inayopendwa na wanaochoka kubeba, ina lita 17 kwa jumla. Kwa baa 232 inaelekea kutosha, kwa nambari za karatasini. Ila mtungi uliojazwa ukiwa na nyuzi 20 ukishushwa kwenye nyuzi 4 hupoteza presha bila mtu kuvuta pumzi hata moja: 232 inakuwa 219 hivi. Na kama kompresa iliujaza kwa haraka ukapata moto hadi nyuzi 40, inashuka hadi 205. Jozi ya 8.5 sasa ina lita 3,700 au pungufu, na mpango umevunjika kabla ya kuanza. Jozi ya lita 12 kwa baa 219 inavuka 5,000, na akiba ya uhai ndani yake ni baa 53 tu kwenye kipimo. Ndiyo sababu wale wanaokwenda Scapa Flow, Scotland, kuzitazama meli za kivita za Kijerumani zilizojizamisha zenyewe Juni 21, 1919, huonekana karibu wote na mitungi pacha ya lita 12. Kina kule hakizidi sana mita 45. Jozi hiyo inatosha, inabebeka, na kila kompresa ya Ulaya inaijaza.

Mmarekani hupita njia yenye miiba zaidi kwa sababu ya nambari zake. Mzungu wa Ulaya akisema 12 anataja nafasi ya ndani, lita za maji zingeingia. Mmarekani akisema 85 au 100 anataja futi za ujazo za hewa, mtungi ukiwa umejaa hadi presha yake rasmi, na presha hizo hazilingani. Mtungi wa chuma wa 85 ni wa presha ndogo, baa 182. Wa 100 ni wa presha kubwa, baa 237. Ukiipima ndani inakaribiana sana, kila mmoja lita 12 au 13. Tofauti yake kubwa ni kile ambacho ukuta wa chuma umeidhinishwa kuvumilia.

Wazamiaji wa mapango ya Florida waliliona hilo zamani, wakaanza kuijaza mitungi ya presha ndogo kupita kiwango chake, wakipata hewa ya mtungi mkubwa ndani ya mdogo. Wengine wamefanya hivyo miaka mingi na mitungi yao ingali mizima, na watakuambia hivyo kabla hujauliza. Mimi naona ni mpango uliojengwa juu ya huruma ya anayejaza. Ukifika Michigan kwenye duka linaloheshimu nambari iliyogongwa kwenye shingo ya mtungi, utapewa baa 182, na mzamio uliopangwa kwa zaidi ya hapo unabaki pwani. Kama unahitaji hewa ya 100, nunua 100.

Upande wa pili wako wanaokimbilia baa 300. Mitungi hiyo ipo Ulaya, na kwenye karatasi inavutia. Lakini hewa ikifinywa kiasi hicho inaanza kukataa: kwenye baa 300 kilichoingia ni kama asilimia 90 tu ya kile ambacho hesabu rahisi ya kuzidisha ingekupa. Mtungi wenyewe ni mnene na mzito, na kompresa nyingi haziufikishi huko. Unalipa na kubeba kwa ajili ya 300, unapata thamani ya 270, na mara nyingi unarudi nyumbani na 230.

Ukubwa una mwisho wake pia. Jozi ya chuma ya 130, kila mtungi karibu kilo 20 mtupu, ikiwekwa manifoldi na mikanda yake na kujazwa, inapita uzito wa mfuko wa saruji, na mfuko huo unaubeba mgongoni ukipanda ngazi ya boti inayoyumba, muda mfupi baada ya mwili kutoka kwenye presha. Kazi nzito wakati huo huongeza hatari ya yale mapovu niliyoyataja. Watu wa umri wangu huanza kuuliza maswali kuhusu magoti. Hewa iliyomo pekee ni karibu kilo 9, na boya lazima liweze kuinua hizo pamoja na vingine vyote. Wapo wanaoihitaji kweli jozi hiyo. Meli ya Kamloops, iliyopotea Desemba 1927 na kila aliyekuwemo, imelala kando ya kisiwa cha Isle Royale kwenye Superior, sehemu yake ya chini ikifikia karibu mita 80. Gunilda iko kina kama hicho karibu na Rossport, Ontario. Kwa kina kile watu wengi sasa hutumia vifaa vinavyosafisha na kuizungusha upya pumzi, na mitungi mikubwa inarudi kuwa akiba. Kwa Eber Ward ni kujitwisha bure.

Wengi wa wanaokwenda chini ya mita 40 huchanganya heliamu ili akili isilewe nitrojeni. Heliamu ni nyepesi mno, hivyo mabadiliko ya uzito yanapungua: jozi ileile ya lita 12, ikijazwa mchanganyiko huo, trimiksi, wenye heliamu asilimia 35, inabeba kilo 4 na nusu za gesi badala ya 6 na ushee. Anayehama kutoka hewa kwenda trimiksi bila kubadili kitu kingine atajiona mwepesi zaidi mwanzoni, wakati wa kushuka. Mwishoni, mitungi ikikaribia kuisha, hali ni ileile, na risasi inabaki ileile. Asiipulizie suti kavu gesi hiyo, hata hivyo. Heliamu hupitisha joto upesi, na ndani ya suti itamgandisha. Suti hupewa mtungi wake mdogo wenye hewa au agoni.

Nimeitaja Gunilda na siwezi kuipita hivihivi. Ilikuwa yoti ya kifahari ya William Harkness, tajiri wa mafuta wa Standard Oil. Agosti 1911 alikataa kumlipa rubani wa kienyeji wa kumwongoza kwenye maji asiyoyajua. Yoti ikapanda mwamba, na ilipovutwa kutoka hapo ikajaa maji ikazama. Namkumbuka kila ninapomsikia mtu mwenye suti ya maelfu ya dola akitafuta mitungi iliyotumika kwa bei ya kutupa bila kutaka kuilipia ukaguzi.

Mitungi iliyotumika si haramu. Chuma kikitunzwa huishi miongo. Adui yake ni kutu, hasa ya ndani, inayoletwa na hewa yenye unyevu au na maji yaliyoingia mtungi ulipoachwa mtupu na vali wazi. Ya nje hujificha chini ya kiatu cha plastiki, kinachovalishwa mtungi wa chuma kwa sababu kitako chake ni cha mviringo. Aliyezamia baharini asipokiosha, chumvi hukaa humo mwaka mzima. Vua kiatu kabla ya kutoa pesa. Uliopakwa zinki ya kuchovya hustahimili kuliko wa rangi tupu. Shingoni soma tarehe ya kipimo cha presha: Marekani kila miaka 5, Uingereza nako miaka 5 na ukaguzi wa macho katikati. Na kama umeamua alumini, kwa mitungi ya ubavuni ambako inafaa kabisa, epuka ile ya zamani ya aloi 6351, ambayo kampuni ya Luxfer iliacha kuitumia Marekani mwaka 1988 baada ya kubainika kuwa huweza kupata nyufa shingoni. Mitungi miwili ya jozi itoke kiwanda kimoja na iwe ya aina moja, la sivyo mikanda haitakaa sawa na manifoldi itabeba msongo isioumbiwa.

Kisha ipeleke majini, mahali pa mita 3 hadi 4, siku isiyo na safari. Vaa kila utakachovaa. Toa hewa mpaka kipimo kisome baa 35 hivi. Toa yote iliyomo kwenye boya, na ndani ya suti bakiza tu ile inayokutosha kwa joto. Unapaswa kuweza kutulia mita 3 bila kupiga miguu. Ukielea, ongeza risasi kilo moja moja, ukizama, punguza. Nambari utakayoipata iandike pamoja na aina ya maji, kwa sababu maji ya bahari ni mazito kwa asilimia 2 na nusu hivi kuliko ya ziwa. Mtu ambaye yeye na vifaa vyake wanafikia kilo 120, aliyejipima Scapa Flow, akienda Mackinac anatoa karibu kilo 3.